Muswada “umepita”? Umepita wapi?

SWALI: Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee hapa Brooklyn Park, Minnesota, na ninatarajia kujifungua mwezi wa tano. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu ametuma sauti akisema Bunge la jimbo limepiga kura kuifuta likizo ya malipo iliyoanza Januari 2026. Ameambatanisha picha ya muswada wenye namba. Anasema anayetaka kuwahi ajiandikishe kupitia kwake kwa dola 180 kabla sheria haijabadilika. Kila nikilipwa mshahara nakatwa pesa za hiyo likizo. Je, pesa zangu ndiyo zimeenda? Nimlipe? – *Mama mtarajiwa*

JIBU: Dada, usimlipe. Likizo iko palepale ilipokuwa, na kuiomba ni bure. Mambo ya ujauzito wako na tarehe zako nitayafikia, lakini kwanza niache nitoe donge, kwa sababu barua kama yako naipata kila Bunge letu la jimbo linapoketi mjini St. Paul, na kila mara kosa ni lile lile: neno “umepita”.

Umepita wapi? Gari lililopita Naivasha bado halijafika Kisumu.

Nimeikuza ile picha uliyonitumia. Juu kuna namba inayoanza na HF, maana yake umetoka Baraza la Wawakilishi, mojawapo ya pande mbili za Bunge; upande wa pili ni Seneti. Chini ya namba kuna mstari mmoja tu: umesomwa mara ya kwanza na kupelekwa kamati. Baada ya hapo ni weupe mtupu. Tarehe pembeni ni ya mwaka 2025. Kwa hiyo ulichoonyeshwa ni karatasi ambayo mwakilishi mmoja aliiweka mezani mwaka jana. Hakuna kura hapo. Wawakilishi ni 134, maseneta 67, na yeyote kati yao anaweza kuleta muswada wa lolote analotaka, hata akijua fika hautaenda popote, ili tu wapiga kura wake wamwone amejaribu. Maelfu huletwa katika kila kipindi cha miaka miwili, na mingi hufia kwenye kamati bila hata kujadiliwa.

Hapo ndipo wakora wanapopatia riziki. Minnesota muswada ulioletwa mwaka wa kwanza wa kipindi haufi mwaka ule. Unaendelea kulala mpaka kikao cha mwaka wa pili kifungwe. Basi mtu anachukua muswada wa 2025 wa kuchelewesha au kubomoa likizo ya malipo, na kweli ilikuwepo, Warepublican waliisukuma sana, anaupiga picha upya na kuuza hofu. Miswada ile haikuwa sheria. Ushahidi ni kwamba likizo ilianza Januari 1, 2026 kama ilivyopangwa tangu sheria yake iliposainiwa mwaka 2023.

Tuseme muswada umetoka kwenye kamati. Bado. Kamati inapendekeza tu. Ukifika ukumbini, unahitaji kura 68 za ndiyo katika Baraza, na idadi hiyo haipungui hata kama nusu ya wabunge wamekwenda kula. Watu hawalijui hili. Mwaka 2025 Warepublican na Wademokrati walikuwa na viti 67 kwa 67, hivyo muswada ungeweza kupata ndiyo 67 na hapana 60, kijani ikazidi kwenye ubao wa kura, mtu akarekodi kwa simu akapiga kelele “umepita!”, kumbe umeanguka. Na ukizipata hizo 68, kuna pacha wake Seneti wenye namba ya SF, ambako zinatakiwa kura 34, na maneno ya pande zote mbili lazima yalingane. Kisha gavana atie saini. Akikataa, kumshinda kunataka theluthi mbili: 90 huku, 45 kule. Katika Bunge lililogawanyika katikati namna ile, hizo kura utazitoa wapi?

Halafu kuna jambo ambalo hawa wataalamu wa sauti za WhatsApp hawaligusi kamwe: sheria inaanza lini. Hata iliyosainiwa haianzi kesho asubuhi. Isipotaja tarehe, kwa kawaida huanza Agosti 1, na ile ya kutenga fedha huanza Julai 1. Tarehe hiyo ni sehemu ya sheria sawasawa na maneno mengine.

Nitakupa mfano wa uliopita kwelikweli, usidhani nasema kila habari mbaya ni uongo. Watu wazima wasio na hati za uhamiaji waliruhusiwa kujiunga na bima ya afya ya jimbo, MinnesotaCare, kuanzia Januari 1, 2025. Juni 9 mwaka huo huo Bunge likapiga kura kuwaondoa. Baraza: 68 kwa 65. Seneti: 37 kwa 30. Gavana Tim Walz akasaini. Huo ulipita mahali pote panapotakiwa. Lakini tarehe yake ilikuwa Desemba 31, 2025, na watoto hawakuguswa. Wiki ile ile mzee mmoja alikuja ofisini kwangu na mfuko wa plastiki wenye chupa tatu za dawa ya presha, mbili tupu. Alikuwa hajarudi kwa daktari kwa sababu kijana mmoja kwenye kundi alimwambia bima “imeshakatwa na Bunge”. Alikuwa na zaidi ya miezi sita mkononi! Nilimpigia daktari mimi mwenyewe.

Na kura hiyo hiyo inaonyesha kosa jingine, la kusoma moyo wa mtu kwenye ubao wa kura. Upande wa Wademokrati katika Baraza, aliyepiga ndiyo ni mmoja tu, kiongozi wao Melissa Hortman. Hakuipenda sheria ile. Alizungumza na waandishi wa habari machozi yakimlenga. Kikao cha kawaida kilikuwa kimefungwa Mei 19 bila bajeti kukamilika, na bila makubaliano ya bajeti, ambayo kura hii ilikuwa sehemu yake, ofisi za jimbo zingeanza kufungwa Julai 1. Kura yake ilikuwa bei ya bajeti. Siku tano baadaye aliuawa nyumbani kwake, hapo hapo Brooklyn Park unapoishi.

Sasa turudi kwako. Unachokatwa si akiba yenye jina lako, ni mchango wa bima, kama ule wa gari. Kiwango chote ni asilimia 0.88 ya mshahara, na mwajiri lazima abebe angalau nusu. Kwa hiyo katika kila dola 1,000 wewe hukatwi zaidi ya dola 4.40. Itazame hati yako ya mshahara, ukiona zaidi ya hapo, uliza ofisi inayolipa mishahara, tena kwa maandishi. Mzazi anaweza kupata hadi wiki 12 za kupona na hadi wiki 12 za kukaa na mtoto, ila kwa mwaka mmoja jumla haizidi 20. Mwajiri mjulishe siku 30 kabla kwa kuwa tarehe yako inajulikana, na ubaki na nakala. Ukishafanya kazi kwake siku 90, nafasi yako inalindwa mpaka urudi. Maombi unajaza mwenyewe kwa idara ya kazi na maendeleo ya uchumi ya jimbo, na mhudumu wako wa afya anathibitisha sehemu yake. Hakuna foleni ya “kuwahi”. Huyo wa dola 180 hawezi kukuingiza mapema, kwa sababu hakuna mlango wa mapema. Atakachopata ni namba yako ya Social Security na tarehe yako ya kuzaliwa, na hizo kwake zina thamani kuliko hizo dola.

Hili la dola 180 ni dogo. Msimu wa bajeti ndio unaonitisha zaidi. Bajeti ya miaka miwili iliyopitishwa mwaka 2025 ilikuwa kama dola bilioni 66, na kila tarakimu kama hiyo inapotangazwa, zinazuka kampuni za mfukoni zinazouza “fungu la wahamiaji”, “ruzuku ya akina mama”, “pesa za nyumba za kulelea walemavu”. Bunge likitenga fedha, halijamgawia mtu hata senti. Limeipa idara ruhusa ya kutumia kiasi fulani kwa kazi fulani. Idara ndiyo itakayotangaza masharti na fomu, na pengine mwisho wa yote fedha zikaenda kwa wilaya au mashirika, wala si kwa mtu mmoja mmoja. Mtu anayekwambia anajua fungu lako kabla idara haijaandika hata sharti moja, anajua nini? Na wengine ni watu wetu, wanaoongea Kiswahili kitamu, wanakuita dada, wanauliza habari za nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma.

Ukiletewa muswada, mwombe aliyeleta vitu vitatu: namba yake, kura ya mwisho ya kila upande, na tarehe ya kuanza. Kurasa za Bunge zinaonyesha vyote bila malipo, na maktaba ya mtaa itakusaidia kuzifungua. Akianza kukwambia “wewe niamini tu”, toka kwenye hayo mazungumzo.

Jumapili iliyopita nimebandua kikaratasi kwenye ubao wa matangazo wa kanisa letu: ruzuku ya jimbo, ada ya usajili dola 350, na picha ya jengo la Bunge yenye lile kuba jeupe ili kionekane cha kweli. Nimeshakipeleka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo pamoja na picha ya muswada wako, jina lako nimelifunika. Mwenye kingine kama hicho aniletee, asikichane.