Mifuko kumi ya chokaa kwenye ekari ya machimbo? Mimi nilishajaribu

Mkuu, umesema ekari yako ilikuwa machimbo, mahindi yanadumaa, na unauliza kama mifuko kumi ya chokaa itatosha. Haitoshi. Nimepita humo humo.

Shamba langu lipo Geita, pale wachimbaji walipokuwa wakimwaga mawe ya duarani (shimo la mgodi) na marudio ya karasha, yaani mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na dhahabu kutolewa. Msimu wa kwanza mahindi yalifika magotini, majani yakawa ya zambarau, yakagoma hapo. Nikang'oa shina moja: mizizi mifupi, minene, ncha za kahawia kama zimeunguzwa. Kumbe pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imepanda) ikienda chini ya 5, alumini ya kwenye udongo inayeyuka na kuua ncha za mizizi, na fosforasi, chakula cha mmea, inakamatwa na udongo. Mbolea yote ya DAP niliyoweka, yenye fosforasi hiyo, mmea haukuiona.

Nikamwaga chokaa ya kilimo. Nikavuna, nikatamba kijiji kizima. Msimu uliofuata yakarudi yale yale, na mfereji wa chini ukatoa maji ya rangi ya kutu. Bwana shamba akaokota jiwe lenye vichembe vinavyong'aa, vile vinavyowapa wageni matumaini ya dhahabu. Pairaiti, akasema, ina salfa; ikipata hewa na maji inazaa asidi. Kwa hiyo chokaa yangu ilimaliza asidi iliyokuwepo siku ile tu.

Piga hesabu: salfa ya pairaiti asilimia 1 inadai kilo 31 hivi za chokaa kwa kila tani ya udongo. Ekari moja, kina cha sentimita 15, inakula kama tani 25. Mifuko yako kumi ya kilo 50 ni nusu tani.

Usinunue kitu kwanza. Chota udongo sehemu kadhaa, changanya, pima pH. Uweke bakulini kivulini wiki nane, ukikauka unyunyizie maji, upime tena. Ikiporomoka kutoka 5 hadi 4, ukali umepanda mara kumi na mawe yako bado yanafanya kazi.

Mimi mahindi niliachana nayo. Nilichimba mtaro upande wa juu ili maji ya mvua yasipite kwenye mawe, nikafunika robo ekari kwa udongo mwekundu (fuso ngapi, usiniulize, mke wangu anasoma humu), na kwenye mteremko nikapanda nyasi za vetiva zishike udongo. Imeshika.

Watakuambia upande muhogo, na kweli unavumilia asidi. Ila marudio yangu yalipitia zebaki ya kukamatia dhahabu, ambayo ni sumu, na wanangu siwalishi cha humo.