Kuni za Masika Zinanunuliwa Kipupwe

Juzi usiku mvua ikiwa imeshika bati, simu yangu ikaita mlio wa ujumbe. Ni dada mmoja wa Tandika ambaye hatujawahi kuonana. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Jumamosi nina hitima ya baba, watu kama mia na hamsini. Kuni nimeletewa jana kirikuu kizima, muuzaji kaapa ni kavu. Leo nimejaribu kuwasha, zinafuka tu. Nifanyeje?"

Nimeusoma ule ujumbe mara tatu. Mdogo wangu, nitakujibu, ila kwanza niache niseme yaliyonikuta, maana hayo maneno yako ni ya kwangu ya mwaka jana. Na najua wengi mnaosoma hapa ni wapishi wa nyumbani kama mimi, mnataka jina lenu likitajwa mtaani watu waseme, "Huyo ukimpa kazi, lala usingizi."

Napika chakula cha shughuli nyumbani kwangu Mbagala, mwaka wa 11 sasa. Nilikotoka na maandazi hadi kufika kwenye masufuria makubwa nitasimulia siku nyingine. Aprili mwaka jana nilipewa ndoa. Pilau ya mchele kilo 40, nikaigawa masufuria mawili. Kuni nilinunua siku mbili kabla, barabarani, katikati ya masika. Muuzaji akaniambia, "Mama, hizi zinawaka kama karatasi." Juu alikuwa amepanga mkorosho mkavu umepauka vizuri, hata mtoto angeona ni kuni. Chini yake kulikuwa na mwembe uliokatwa labda wiki ile ile. Sikupindua hata ukuni mmoja. Nililipa nikaondoka.

Saa kumi alfajiri tukawasha. Moto ukashika vile vya juu, tukafurahi. Tulipofika kwenye mwembe, ncha za magogo zikaanza kulia, chwiii, zinatoa mapovu ya kahawia na maji yanachuruzika mpaka kwenye majivu. Moshi ukajaa uani, wasichana wangu wawili wanapika macho yamefumba. Nikachukua mafuta ya taa nikamwagia. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu moto wa mafuta unapanda dakika mbili, unalamba sufuria, halafu unalala, na harufu yake inabaki kwenye chakula. Kibaya zaidi, kuni mbichi haziachi makaa. Zinaacha vigogo vyeusi. Sasa pilau ya kilo 20 bila makaa ya kupalia juu ya kifuniko ni pilau gani? Chini limetota, juu lina kiini.

Chakula cha saa saba mchana kilitoka saa kumi jioni. Mama wa bibi harusi alikuja nyuma jikoni. Hakupiga kelele. Alifunua sufuria, akanusa, akaniangalia, akasema, "Umenifedhehesha mbele ya wakwe zangu." Shilingi laki mbili zilizobaki sikulipwa, na sikuwa na uso wa kuzidai. Kwenye kikoba chetu yupo mpaka leo mwenzetu mmoja ambaye nikiingia hujifanya anaziba pua. Wenzake wanacheka. Inauma, wala sitasema nimezoea.

Tunahangaika na viungo, tunabishana iliki ya wapi nzuri, kuni tunamtuma mtoto akanunue. Ukuni wa mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji. Umelipia kuni, umebebeshwa maji. Na ukiuwasha, joto linatumika kwanza kuyageuza yale maji kuwa mvuke, ndipo linalobaki lipande kwenye sufuria lako. Kuni za kupikia zinatakiwa maji yashuke chini ya asilimia 20, na hilo halifanyiki kwa siku mbili za jua la wasiwasi. Miti mingi inataka miezi, tena ikiwa imechanjwa. Gogo zima lenye magome linashikilia maji ndani hata mwaka.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kisarawe aliyefanya kazi ya kuni maisha yake yote. Nilimfuata baada ya ile aibu, nikakaa kwenye kigoda chake kama mwanafunzi. Alichukua kuni mbili akazigonganisha: ko! ko! Mlio mkali, kama unagonga kigae. Akachukua nyingine mbili: pu, pu, kama unapiga gunia. "Hizo za pili nunua kama una mwaka wa kusubiri," akaniambia. Akanionyesha na ncha: kuni kavu ncha yake ina nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni, na gome unaling'oa kwa kidole gumba. Tangu siku hiyo sinunui bila kugonga, na sigongi za juu. Naomba nipinduliwe mzigo mpaka chini. Akikataa, naaga.

Basi Julai, kipupwe kimekolea, upepo wa kusi unavuma na mvua hakuna, nikanunua kirikuu kizima cha mikorosho na miembe mizee iliyotoka upande wa Mkuranga. Nilinunua mbichi, tena kwa makusudi, maana bei ilikuwa nzuri na nilikuwa na miezi mbele yangu. Nikamlipa kijana akachanja zote, unene usiozidi mkono wangu. Nikapanga upenuni, upande unaopata upepo. Chini niliweka tofali za saruji na mirunda juu yake, kuni zisiguse udongo, maana mchwa wa Mbagala hawaombi ruhusa. Nikaacha nafasi ya kiganja kati ya kuni na ukuta. Ncha nikazielekeza upepo unakotoka, kwa sababu maji ya mti hutokea zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni.

Halafu nikafanya kitu ambacho nakusihi ukifanye. Nilichagua ukuni mmoja, nikauandika kwa kalamu ya wino mzito, nikaupeleka kwenye mizani ya duka la jirani. Kilo 3.2. Kila wiki mbili naupima. Agosti ukawa 2.6. Katikati ya Septemba 2.1. Yule wa dukani alidhani nimechanganyikiwa, mwishowe akawa ananiuliza mwenyewe, "Mama, leo umeshuka?" Uzito ukigoma kushuka wiki mbili tatu mfululizo, hizo kuni zimekauka kadiri hewa ya Dar inavyoruhusu. Mizani haina maneno ya muuzaji.

Lakini Oktoba nikakosea tena. Mvua za vuli zilipoanza niliogopa, nikanunua turubai nikazifunika gubigubi, juu, mbele, pembeni, nikafunga na kamba. Nikajiona nimemaliza. Mwishoni mwa Novemba nafungua, hewa ya uvuguvugu ikanipiga usoni, inanuka kama nguo zilizolala na maji kwenye beseni. Magome yana ukungu mweupe, na kwenye ukuni mmoja wa chini kumeota uyoga mdogo mdogo wa rangi ya maziwa. Ule ukuni wangu wa alama ulikuwa umerudi kilo 2.5. Nililia, sikufichi. Niliona kama miezi mitano yote imekwenda na maji.

Kumbe haikuwa imekwenda. Nilizipangua zote, zilizooza nikatupa, nyingine nikazipanga upya, na jua la Januari na Februari likanimalizia kazi. Safari hii juu niliweka bati chakavu mbili, nimezilaza kidogo ili maji yateremkie mbele, na mawe juu yake. Pembeni wazi kabisa. Kuni zifunikwe kichwa tu, mwili uachwe upumue. Narudia: kichwa tu. Nimeliona kosa hili nyumba nyingi mtaani kwetu, na kila mwenye nyumba anajisifu turubai lake.

Wiki tatu zilizopita nikapata arobaini ya mzee mmoja hapa hapa Mbagala. Mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Alfajiri nikavuta kuni zangu chini ya bati, nikawasha kwa makumbi ya nazi na kiberiti kimoja. Kimoja! Saa sita na nusu mchana sahani ya kwanza ilitoka. Na katika waliokula alikuwepo yule mwenzangu wa kikoba. Alirudia sahani. Sikumwambia neno, nilimwongezea nyama.

Kuna mengine nitayasema kwa ufupi kwa sababu watu wanaumia. Usiokote mabaki ya mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, ukapikia. Nyingi zimetiwa dawa yenye arseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Mnyaa usiuguse, utomvu wake unachoma macho. Mikoko imehifadhiwa kisheria, iache pwani ilipo. Na unapovuta ukuni wa chini kwenye rundo vaa viatu, nge na tandu wanapenda hapo.

Najua mtaniuliza kuhusu gesi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunaitumia ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, na chai na mboga za nyumbani kwangu ni gesi. Jiko kubwa la gesi la shughuli nalitafutia fedha. Mpaka nilipate, nitapika kwa kuni, na kuni zangu zitakuwa kavu ili wasichana wangu wasile moshi. Nanyi wenye mabinti wanaowasaidia jikoni, angalieni macho yao yanavyokuwa mekundu kabla hamjabana shilingi elfu kumi ya kuni nzuri.

Sasa wewe wa Tandika. Hizo kuni hazitakauka kabla ya Jumamosi, usijidanganye, na mafuta ya taa usiyaguse. Kesho asubuhi nenda kwa mafundi seremala, omba au nunua mabanzi makavu ambayo hayajapakwa rangi wala dawa. Tafuta makumbi na vifuu vya nazi magunia mawili. Nunua mkaa gunia moja, mkavu, huo ndio utakaokupa makaa ya kupalia. Hizo za kirikuu mwite kijana azichanje nyembamba, uzipange upenuni kama nilivyoeleza, kichwa kimefunikwa na pembeni wazi. Chagua moja uiandike, uipime. Ikifika Septemba niandikie ina kilo ngapi.