Maswali ya Wasomaji: Baada ya Buriram, je, msimu umekwisha?

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: ufunguzi wa msimu wa 2025 wa MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki duniani, uliofanyika Buriram, Thailand. Marc Márquez, akiendesha kwa mara ya kwanza chini ya timu ya kiwanda ya Ducati, alishinda mbio fupi za Jumamosi tarehe 1 Machi, kisha akashinda mbio kuu za Jumapili. Mdogo wake, Álex, alikuwa wa pili siku zote mbili, na Francesco Bagnaia wa tatu siku zote mbili. Wapo walioandika kwa shangwe, wapo waliokata tamaa, na yupo mmoja ambaye lugha yake imenilazimu kumnukuu kwa kupunguza. Nimechagua barua tano.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa shabiki wa Bagnaia tangu kabla hajatwaa ubingwa wa mwaka 2022. Buriram nimemwona akiridhika na nafasi ya tatu mara mbili, tena juu ya pikipiki ileile anayoiendesha Márquez. Wenzangu wananishauri nitafute mchezo mwingine mpaka mwakani. Je, msimu umekwisha kabla haujaanza?
Shabiki wa Namba 63

JIBU: Haujakwisha, ndugu yangu, na hesabu inakufariji kuliko wenzako. Márquez ameondoka Thailand na alama 37, Bagnaia na 23. Mshindi wa mbio kuu hupata alama 25 na wa mbio fupi 12, na msimu huu una raundi 22, maana yake ni kwamba bado zipo alama 777 ambazo hakuna aliyezigusa. Mtu wako mwenyewe alifungua mwaka 2022 kwa kuanguka Losail, Qatar, na kumwangusha Jorge Martín pamoja naye, na kufikia katikati ya msimu, baada ya kuanguka tena Sachsenring, Ujerumani, alikuwa nyuma ya Fabio Quartararo kwa alama 91. Wakati huo mbio fupi hazikuwapo, kwa hiyo hakuwa na Jumamosi za kupunguzia pengo, na bado alivikwa taji Valencia.

Tena, mbio za kwanza zina tabia ya kudanganya. Nimewapitia washindi wa mbio kuu za ufunguzi katika daraja la juu kwa miaka kumi, kuanzia 2015 hadi 2024. Alianza Rossi, akafuata Lorenzo, kisha Viñales, kisha Dovizioso mara mbili, Quartararo, Viñales tena, Bastianini, na mwishowe Bagnaia mara mbili. Kati ya misimu hiyo kumi ni mmoja tu, wa 2023, ambao aliyeshinda mwanzoni ndiye aliyetwaa ubingwa mwishoni. Mwaka 2020 mambo yalikwenda mbali zaidi, kwani Joan Mir hakumaliza hata mbio za kwanza za Jerez, lakini mwisho wa mwaka yeye ndiye aliyekuwa bingwa. Nami sijitoi kwenye kundi la waliodanganyika, kwa maana mwaka 2017, Viñales aliposhinda mbio mbili za mwanzo akiwa mgeni Yamaha, nilitangaza kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza kwamba kijana huyo hashikiki. Alimaliza wa tatu, nikaumbuka.

Hata hivyo nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kinachopaswa kukukosesha usingizi si alama 14, bali ni kwamba safari hii hakuna tofauti ya pikipiki ya kusingizia. Bagnaia akishindwa na mtu wa kiwanda kingine, mafundi wana kazi ya kufanya. Akishindwa na mtu wa gereji yake mwenyewe, kazi inabaki kwake. Na ratiba haimhurumii, kwa kuwa raundi mbili zinazofuata ni Termas de Río Hondo, Argentina, ambako Márquez ameshinda mara tatu katika daraja hili, na Austin, Marekani, ambako ameshinda mara saba. Viwanja vya Bagnaia viko mbele zaidi: Mugello, Italia, na Assen, Uholanzi, ambako alishinda mwaka 2022, 2023 na 2024 bila kukosa. Kama akifika Mugello akiwa bado ananusa gurudumu la nyuma la mwenzake, hapo ndipo utakapokuwa na haki ya kupiga kelele. Kama hata huko atamaliza wa tatu, niandikie tena, nitakujibu kwa sauti ya chini.

SWALI: Márquez alikuwa akiongoza kwa raha, kisha akapunguza mwendo mwenyewe na kumpisha mdogo wake, akakaa nyuma yake karibu mbio zote, halafu mwishoni akampita kama anayechukua kitu alichokiazimisha. Mnatuona watoto? Ule ulikuwa mchezo wa kuigiza wa ndugu wawili, na waliopanga wanajijua.
Msomaji Aliyechukizwa

JIBU: Nimepunguza ukali wa barua yako, lakini shaka yako nimeiacha kama ilivyo kwa sababu ni shaka ya mtu aliyeangalia kwa makini. Ulichokiona kilitokea kweli. Sababu yake ni upepo wa tairi la mbele, na Márquez mwenyewe alieleza hivyo baada ya mbio.

Kanuni inataka tairi la mbele liwe na presha isiyopungua bar 1.8 kwa asilimia 60 ya mizunguko ya mbio kuu, na kwa asilimia 30 ya mbio fupi. Kipimo kimefungwa ndani ya gurudumu na kinarekodi muda wote. Anayekutwa chini ya kiwango huongezewa sekunde 16 kwenye muda wake Jumapili, au sekunde 8 Jumamosi. Mbio kuu za Buriram zilikuwa za mizunguko 26, kwa hiyo alihitaji mizunguko 16 iliyo salama. Sasa fikiria alivyokuwa. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi hupanda presha kadiri inavyopata joto. Anayeongoza hupigwa na upepo wa njiani bila mtu wa kumkinga mbele, na upepo huo hulipoza tairi la mbele. Anayefuata hutumbukia kwenye hewa ya moto inayotoka kwenye injini, breki na ekzosi ya aliye mbele, na tairi lake hupanda joto, presha nayo ikapanda. Mafundi hujaza upepo kabla ya mbio kwa kubahatisha dereva wao atakuwa wapi. Wakidhani atakuwa katikati ya kundi, humjazia kidogo, maana joto la wenzake litaongeza. Wakidhani ataongoza, humjazia zaidi. Wakizidisha, tairi huvimba na kuwa gumu, na mbele huteleza kila anaposhika breki kuingia kona. Wakipunguza kupita kiasi, hutokea hili la Buriram.

Dereva hupata onyo kwenye skrini ya pikipiki iliyo mbele yake. Márquez alipoona presha haifiki, alikuwa na njia mbili, yaani kuendelea kukimbia peke yake mbele na kuvuka mstari akiwa mshindi wa muda mpaka sekunde 16 ziongezwe na kumtupa nje ya jukwaa, au kumtafuta mtu wa kumpasha joto. Aliyekuwa karibu ni Álex. Angekuwa nyuma yake Bagnaia, naamini angempisha Bagnaia pia, ingawa kumrudia kungekuwa na jasho zaidi.

Malalamiko yako yangekuwa na nguvu zaidi kama ungeielekeza hasira kwenye kanuni yenyewe. Ina hoja ya usalama, kwa sababu mtengenezaji wa matairi hataki lipasuke likiwa na mzigo mkubwa wa breki. Lakini inapomlazimu anayeongoza kurudi nyuma kwa hiari, na mtazamaji asiyesoma kanuni akaona uchezaji wa hila, basi kanuni inadai maelezo mengi mno kwa mchezo ambao uzuri wake ulikuwa kwamba wa kwanza ni wa kwanza.

SWALI: Je, kuna haja ya kuangalia mbio fupi za Jumamosi? Mimi naziona kama mazoezi yenye kelele.
Mtu wa Jumapili

JIBU: Ipo haja. Zilianza mwaka 2023 Portimão, Ureno, zina takribani nusu ya urefu wa mbio kuu, na ushindi wake hauhesabiwi kama ushindi wa Grand Prix, yaani wa mbio kuu. Alama zake, hata hivyo, zinahesabiwa. Mwaka 2024 Bagnaia alishinda mbio kuu 11 na bado alipoteza ubingwa kwa alama 10 mbele ya Martín. Na kama unapenda ishara kuliko hesabu, katika misimu miwili iliyopita aliyeshinda mbio fupi za kwanza ndiye aliyekuwa bingwa, Bagnaia mwaka 2023 na Martín mwaka 2024. Misimu miwili haitoshi kutabiria chochote, lakini inatosha kumwamsha mtu Jumamosi.

SWALI: Mhariri, kwa heshima zote, sielewi shangwe hizi za Márquez. Mmesahau alichomfanyia Miguel Oliveira? Mimi humzomea kila ninapomwona kwenye skrini na sioni sababu ya kuacha.
Sijasahau

JIBU: Nami sijasahau. Tarehe 26 Machi 2023, mbio kuu za kwanza za msimu, mzunguko wa tatu, pale Portimão: Márquez, aliyeanza kutoka nafasi ya kwanza, alichelewa kushika breki, akamgusa Martín, kisha akamvamia Oliveira, Mreno aliyekuwa akipigania uongozi mbele ya watu wake. Kosa lilikuwa la Márquez, hakulikana, na alikwenda kumwomba radhi. Alitoka na mkono wa kulia uliovunjika mfupa.

Ila kilichofuata ndicho hasa kilichostahili kuzomewa, na kwa bahati mbaya hakina sura ya kuonyeshwa kwenye skrini. Wasimamizi walimpa adhabu ya kupita mara mbili kwenye njia ndefu ya pembeni, na wakaandika kwamba itatumikiwa kwenye mbio za Argentina. Márquez hakwenda Argentina kwa sababu ya mkono. Wasimamizi waliporekebisha maneno yao ili adhabu imngoje popote atakaporudi, timu yake ya Honda ilikata rufaa, ikidai kwamba hukumu haibadilishwi baada ya kutolewa, na mwezi Mei mahakama ya rufaa ya mchezo ikaifuta adhabu yote. Kwa hiyo Oliveira aliumia, mkosaji hakutumikia adhabu, na chanzo kilikuwa sentensi iliyoandikwa bila kufikiri kwamba mtu aliyevunjika mkono huenda asiendeshe wiki inayofuata. Márquez alikosa raundi tatu kwa jeraha lake, na hapo kila shabiki ajiamulie kama hiyo ilikuwa adhabu tosha au la.

Mzomee ukitaka, ndugu. Ninachokuomba ni kwamba umzomee kwa mzunguko ule wa tatu, si kwa kila kona anayoipita vizuri miaka miwili baadaye.

SWALI: Mimi ni mzee wa mchezo huu. Vijana wananiambia hakujawahi kuwa na ufunguzi kama huu wa Buriram. Niwajibu nini?
Wa Zamani

JIBU: Waambie waitafute Welkom, Afrika Kusini, tarehe 18 Aprili 2004.

Valentino Rossi alikuwa ameiacha Honda, iliyompa ubingwa na pikipiki bora kuliko zote za wakati ule, akaenda Yamaha, ambayo mwaka 2003 haikushinda hata mbio moja ya daraja la juu na ilikuwa haijatoa bingwa tangu Wayne Rainey mwaka 1992. Walioiona hatua hiyo kuwa wazimu hawakuwa wajinga, kwani hata mimi nilikuwa miongoni mwao. Kisha ikaja ile Jumapili. Max Biaggi, hasimu wake wa muda mrefu, akiwa juu ya Honda, alimwandama mizunguko yote, wakipokezana uongozi, na Rossi akavuka mstari mbele yake kwa sekunde 0.210. Hakuna aliyekuwa amewahi kushinda mbio mbili mfululizo za daraja la juu kwa pikipiki za watengenezaji wawili tofauti.

Tofauti na Buriram ni hii: Márquez alipewa pikipiki bora na akafanya kilichotarajiwa, kwa ustadi ambao sitaupunguza, Rossi aliichukua iliyokuwa imedharauliwa na akaifanya ishinde siku ya kwanza, kisha akamaliza mwaka akiwa bingwa. Vijana wakikubishia, usiwaonyeshe takwimu. Waonyeshe kilichotokea baada ya bendera, alipoiegesha ile Yamaha pembeni ya njia, akaibusu, kisha akaketi chini kando yake na kujiinamia, kofia ngumu ikiwa bado kichwani na mabega yakitikisika.