Ndama huyu hana changamoto

Swali: Mtamba wangu wa Friziani, aliyepandishwa kwa uhimilishaji (kuwekewa mbegu za fahali na mtaalamu), amezaa ndama mfu: shingo fupi, miguu ya mbele imejikunja. Bwana mifugo kaandika "changamoto fichwa ya vinasaba". Niseme hivyo au "kasoro ya kurithi"? – Mfugaji, Buswelu, Mwanza.

Jibu: Pole sana, ndugu. Sema kasoro ya kurithi. "Vinasaba" limetoka kwenye nasaba, yaani ukoo, halina neno. "Fichwa" nalivumilia, maana kinasaba kibovu cha aina hiyo hujificha kweli: ng'ombe aliyerithi kimoja ni mzima, anakamuliwa kama wenzake. Wenye nacho wakipandana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata viwili, na hapo ndipo balaa huonekana.

Ila hii changamoto! Injini ikizima katikati ya ziwa, mvuvi wa Kirumba kapata changamoto. Konda wa Igoma hana chenji: changamoto. Mpangaji hajalipa kodi miezi mitatu, eti "anapitia changamoto". Sasa imeingia zizini. Changamoto ni jambo linalokuchokoza ujitutumue ulishinde. Ndama aliyefia tumboni angejitutumua vipi?

Kasoro, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kupungukiwa, na tunalitamka kila tutazamapo saa: saa tatu kasorobo. Sijasikia abiria stendi ya Nyegezi akiambiwa basi linaondoka saa tatu changamoto robo. Wala saa tatu changamoto dakika kumi. Siku mkianza, niambieni mapema nihamie Ukerewe.

Tena kasoro huulizwa imetoka wapi. Changamoto haina baba. Fahali Carlin-M Ivanhoe Bell, aliyezaliwa Marekani mwaka 1974, alipendwa kwa kuzaa majike wenye maziwa mengi. Mbegu zake zikasambaa duniani, na ndani yake kinasaba cha kasoro ya uti wa mgongo, yenye dalili kama hizo zako, ambayo wataalamu wa Denmark waliieleza mwaka 2001. Watu wakaanza kupima mafahali. Wangeiita changamoto, nadhani wangeandaa semina.

Kama cheti kimeshapigwa muhuri, kiache, bwana mifugo naye ana mengi. Lakini kabla hujapandisha tena, muulize mhimilishaji kama fahali mwenye mbegu hizo amepimwa kasoro za kurithi. Muulize kwa maneno hayohayo.