Kabla hujauliza Wakurdi wako upande gani

Mwaka 2016 nilikuwa natafsiri habari za kimataifa redioni, zamu ya usiku. Kwa vita vya Syria nilikuwa na njia yangu ya mkato: kila walipotajwa wapiganaji wa YPG, kundi la Wakurdi wa Syria, naandika "Wakurdi wanaoungwa mkono na Marekani", nasonga mbele. Asubuhi moja ya Agosti mzee mmoja akapiga simu kutoka Tanga. "Mwanangu, mwezi uliopita mlisema hawa wamemsaidia Rais Assad wa Syria kuwabana waasi Aleppo. Leo ndege za Assad zinawapiga. Mnatusomea nini?"

Nikamwambia naangalia, nitampigia. Sikumpigia, maana hata namba sikuiandika. Ila siku hiyohiyo nilinunua kaunta buku, na ndiyo ushauri wangu kwa yeyote anayefuatilia vita hivi. Mpe kila mji ukurasa wake, kisha chora safu tatu: tarehe, wanapigana na nani, ndege za nani ziko juu yao. Safu ya "upande" usiichore kabisa.

Chukua Agosti hiyo hiyo, kaskazini mwa Syria. Aleppo, wapiganaji wa YPG wa mtaa wa Sheikh Maqsoud walikuwa wametoka kuwashambulia waasi bega kwa bega na jeshi la serikali, waasi wakizidi kuzingirwa. Manbij, tarehe 12, YPG na wenzao Waarabu waliwatoa IS, kundi lililojiita Dola la Kiislamu, wakiwa na ndege za Marekani juu. Wiki haijaisha, Hasakah, YPG na serikali wakatwangana mpaka Urusi ikaja kusuluhisha tarehe 23. Kesho yake Uturuki ikaingiza vifaru Jarabulus, kuwafukuza IS na kuwazuia Wakurdi haohao. Mimi yote hayo nilikuwa nayaweka kwenye sentensi moja!

Rudi nyuma kidogo uone mzizi. Julai 2012 askari wa Assad waliondoka Kobani na miji mingine ya Wakurdi karibu bila vita, kwa kuwa walihitajika kwingine. Lakini Qamishli walibaki na uwanja wa ndege, na walimu waliendelea kupokea mishahara ya serikali kutoka Damascus. Majirani wa namna hiyo leo watapigana, kesho watauziana mkate.

Jingine: neno "Wakurdi" lipunguze. Taja kundi. Nchini Iraq, Agosti 31, 1996, Masoud Barzani wa chama cha Wakurdi cha KDP aliita vifaru vya Rais Saddam Hussein viingie mji wa Erbil kuwatoa wapinzani wake, PUK, chama kingine cha Wakurdi cha Jalal Talabani, nao PUK walikuwa wakisaidiwa na Iran. Ilikuwa miaka minane tu tangu mauaji ya mji wa Halabja, ambako jeshi la Saddam liliwaua Wakurdi kwa gesi ya sumu. Ukiandika "Wakurdi walimwalika Saddam", umewasingizia nusu yao.

Watu hupenda kuwaita vigeugeu. Mimi silitumii neno hilo tena. YPG hawana ndege wala bandari, na Uturuki iliyo mpakani inawahesabu kuwa tawi la PKK, kundi la Wakurdi lililopigana nayo kwa miaka mingi. Anga lao ni la kuazima. Januari 2018 Urusi iliondoa askari wake Afrin, mji wa Wakurdi, Uturuki ikashambulia, na mji ukaanguka Machi 18. Oktoba 2019 Trump aliwaondoa wanajeshi wake mpakani. Uturuki ikaanza mashambulizi tarehe 9, na tarehe 13 makamanda wa Kikurdi walikuwa wameshaafikiana na serikali ya Damascus. Siku nne tu. Hapo safu ya tatu, ya ndege, ndiyo iliyokuwa ikiandika safu ya pili, ya adui.

Kaunta buku sasa ni la pili. Machi 10, 2025, Mazloum Abdi, kamanda wa vikosi vinavyoongozwa na YPG, alitia saini na Ahmed al-Sharaa, rais mpya baada ya Assad, kwamba vikosi vyake vitaunganishwa na dola. Hiyo niliiandika kwa kalamu ya risasi.