Re: Binti anapiga makasia, hedhi imekatika
Salaam dada. Umesema binti yako wa miaka 16 kaongezewa mazoezi ya makasia, hedhi imekatika miezi mitatu na kasi inashuka. Anza na sahani yake ya chakula, hasa baada ya mazoezi ya alfajiri. Katika vijana niliowanoa, pengo huwa hapo: anatoka majini hana hamu ya kula, anakimbilia darasani. Nishati ikipungua, ubongo hupunguza ishara kwa ovari, estrojeni (homoni ya kike) hushuka, homoni ya tezi ya shingo hufuata, mifupa hudhoofika. Uzito unaweza usibadilike, kwa hiyo mizani isikutulize. Miezi mitatu inatosha kumwona daktari: apimwe ujauzito, tezi, prolaktini (homoni ya kutengeneza maziwa) na akiba ya madini ya chuma. Vidonge vya homoni vya kurudisha hedhi tu vitaficha tatizo. Na kocha apunguze mazoezi sasa, asisubiri majibu.