Picha haichukuliwi, hupigwa

SWALI: "Shikamoo, Mwalimu. Nafanya kazi katika jumba moja la sanaa hapa Nairobi. Mwezi ujao tutafungua maonyesho ya picha zilizochukuliwa studioni na msanii ambaye hupanga kila kitu kabla ya kushika kamera: nguo, taa, pazia la nyuma, hata kidole kikae wapi. Tumekubaliana maelezo ya ukutani yawe ya Kiswahili kwanza. Mwenzangu mmoja anataka tuziite 'picha bandia', mwingine 'picha za jukwaani', nami niliandika 'picha za kuigiza'. Tufuate lipi? Halafu, ni maonyesho au maonesho?" – Msomaji, Westlands.

Marahaba, mwanangu. Kiswahili kwanza! Nimeyazunguka majumba ya sanaa ya jiji hili miaka mingi, na mara nyingi Kiswahili nimekikuta kwenye kibao cha kuelekeza msalani tu. Kwa hiyo barua yako niliisoma mara mbili kwa furaha. Mara ya tatu niliisoma kwa uchungu, maana limo neno ambalo nimeshindana nalo tangu nikiwa darasani na chaki mkononi, na likipita kwako litapanda ukutani, litiwe fremu, na watoto wa shule waje walinakili. Jina la picha zenu nitakupa. Kwanza tuliondoe hilo "zilizochukuliwa".

Mwaka jana niliingia katika jumba moja, nisilitaje, nikakuta kibao mlangoni: TAFADHALI USICHUKUE PICHA. Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja ambaye kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa Lamu au jirani na hapo. Alikisoma, akamgeukia mlinzi: "Kwani zimeibwa ngapi?" Mlinzi akamjibu kwamba hazijaibwa, ila wageni wana simu. Mzee akasema, "Simu na wizi wapi na wapi?" Mlinzi hakulielewa swali, mzee hakulielewa jibu, na wote wawili walikuwa wakisema Kiswahili. Aliyewapotezanisha ni mwandishi wa kibao.

Tukitazame kibao kile vizuri. Picha iko ukutani, imening'inia kwenye msumari. Kuchukua ni kutwaa kitu kilipo ukaenda nacho. Nikikuambia "nichukulie kitabu kile mezani", huendi kukinakili. Unakiinua na kuniletea. Mchukuzi ni mbeba mizigo, na Wizara ya Uchukuzi inahusika na reli na bandari. Basi mgeni aliyeombwa asichukue picha ameombwa asiing'oe ukutani. Akitoa simu yake akapiga hamsini, amri hajaivunja hata kidogo. Kibao kimezuia jambo ambalo hakuna aliyekusudia kulifanya, na kile kilichokusudiwa kuzuiwa kimeachwa wazi. Na mwenye kibao hicho alikuwa amelipa mchapishaji.

Ndani mambo yalizidi. Chini ya kila picha: "Picha hii ilichukuliwa na fulani mwaka fulani." Msomaji wa Kiswahili akifika hapo anataka kujua ilirudishwa lini. Na hapa hasira yangu si ya sarufi peke yake. Mwaka 2021, katika Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, palikuwa na maonyesho kuhusu vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Wataalamu walikuwa wamehesabu zaidi ya 32,000, katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ngoma ya ngadji ya Wapokomo wa Mto Tana ilichukuliwa na Waingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na iko London mpaka leo. Ile ilichukuliwa! Hapo neno linabeba uzito wake wote: mtu alikuja, akainua, akaenda, na wenyewe wakabaki mikono mitupu. Katika nyumba za makumbusho na sanaa tunalihitaji sana neno hilo, likiwa kali hivyohivyo. Tukilimwaga chini ya kila picha ya harusi, siku ya kusema habari za ngadji litakuwa limekwisha makali.

Chanzo cha kosa kinajulikana. Mwingereza, kwa lugha yake, huichukua picha, nasi tumemfuata bila kuuliza anakwenda wapi. Neno picha lenyewe tulilipata kwake, na hilo halina ubaya. Lakini kitenzi tulikuwa nacho tayari.

Na kitenzi chenyewe ni kizuri mno. Kuna bwana mmoja aliwahi kunikosoa mbele ya watu akidai kwamba "kupiga" kuna ukatili, kwa hiyo "kuchukua" ni adabu. Nilimwuliza asubuhi ile alipiga mswaki au aliuchukua. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Mlango aliopitia ulipigwa randa na seremala na kupigwa rangi na mtu mwingine, naye kabla ya kuingia alikuwa amepiga hodi. Hakuna aliyeumia. Mswahili akikishika chombo na kukamilisha nacho kazi, husema amepiga: amepiga chapa, amepiga muhuri, amepiga bomba, amepiga deki. Jambo likitokea ghafla na kwisha papo hapo, nalo hulipiga: chafya, miayo, mluzi. Kamera ni chombo, na kazi yake huisha kufumba na kufumbua. Sijui kitenzi kingine ambacho kingeikalia kazi hii sawasawa zaidi.

Tena wanaosema "kuchukua picha" wenyewe hawajakiamini. Waulize anayefanya kazi hiyo anaitwa nani. Watasema mpigapicha. Sijamsikia bado wa kuniambia "mchukuapicha". Nenda mbele ya jumba la mikutano la KICC hapa jijini usimame dakika mbili na uso wa kigeni. Vijana wenye kamera watakufuata na "njoo nikupige picha, dakika moja tu iko tayari". Wale wana Kiswahili cha barabarani, na katika hili wanawashinda wenye shahada.

Lipo jambo jingine, na kwa maonyesho yenu ndilo kubwa. Picha ya kwanza maishani mwangu niliipiga katika studio ya River Road nikiwa na miaka tisa. Nyuma yangu palikuwa na pazia lililochorwa ndege inayopaa. Saa niliyovaa ilikuwa ya mwenye studio; aliniazima, akanivalisha, akanigeuza mkono ili ionekane. Sasa rudi usome sentensi ya kwanza. Nimesema niliipiga, ingawa kamera sikuigusa, na hakuna Mswahili atakayenisahihisha. "Tulikwenda kupiga picha na mama," husema mtoto, na maana yake mama na mtoto walikaa kitini, wakatazama lenzi. Aliye nyuma ya kamera hupiga picha, na aliye mbele yake hupiga picha. Lugha yetu imewapa wote wawili kitenzi kimoja, kwa sababu picha ni kazi yao wote wawili. Sema "tulikwenda kuchukua picha" na mtu atafikiri zilikuwa tayari, mlizifuata dukani.

Hivi ndivyo studio zetu zilivyofanya kazi siku zote. Mpigapicha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, na wateja wake walikuta suti, saa, kalamu na redio za kupigia picha. Likoni, Mombasa, karibu na kivuko, wapigapicha walijenga vibanda vyenye mapazia ya rangi, ukasimama mbele ya meli au ndege usiyoipanda. Samuel Fosso, mzaliwa wa Kamerun, alikuwa na miaka 13 tu alipofungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975. Mchana aliwapiga watu. Usiku, filamu ikibaki, alijivika na kujipiga mwenyewe, apate picha za kumpelekea bibi yake Nijeria. Mwaka 2008 alijigeuza Nkrumah, Muhammad Ali, hata mwanaharakati Mmarekani Angela Davis, mbele ya kamera yake mwenyewe. Yeye ndiye mpigaji na ndiye mpigwa. Nani hapo amechukua nini kwa nani?

Wanaotunga picha kwa Kiingereza wamekuwa wakikihangaikia kitenzi chao, wakisema wao hawachukui picha, wanazifanya. Ni shida ya kweli, lakini ni ya lugha yao. Sisi hatukuwa nayo mpaka tulipoiagiza.

Ndugu za kosa hili sitawafuata leo, ni wengi: kuchukua chai badala ya kuinywa, kuchukua kiti badala ya kuketi, kuchukua mtihani badala ya kuufanya. "Kuchukua hatua" nimeshaiachia. Imeingia magazetini, imeingia bungeni, na nimechoka. Lakini nisieleweke kwamba nakichukia kitenzi chenyewe. Mwanamke huchukua mimba, nguo humchukua mtu ikimkaa vyema, na rangi zinazopatana huchukuana. Zitazame kazi za mpigapicha Thandiwe Muriu wa hapa Nairobi: mwanamke amevaa kitenge kilekile kilichotandazwa nyuma yake, mpaka mwili na pazia vinamezana, na usoni ana miwani iliyotengenezwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Rangi zile zimechukuana. Picha ile imepigwa. Kila neno limekaa penye kiti chake.

Sasa jina. "Picha bandia" uifute kabisa, hata kwenye rasimu. Bandia hapo awali ni mwanasesere, mtoto wa bandia, lakini leo ni noti bandia na dawa bandia; ni kitu kinachojifanya kingine ili kukudhulumu. Picha ya studio haimdhulumu mtu. Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga picha mwaka 1840, macho yamefumbwa, mwili umeegemea kama maiti, na nyuma ya picha akaandika kwamba amejizamisha majini kwa kuwa serikali ilimtuza Daguerre, mshindani wake katika kuvumbua upigaji picha, na yeye haikumpa kitu. Hakuwa amekufa, na picha haikuwa bandia. Ilikuwa malalamiko yake.

"Picha za jukwaani" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Nikilisikia natarajia wachezaji wa taarabu.

"Picha za kuigiza", uliyoandika wewe, si mbaya, na mtu akiitumia sitamwandama. Inamfaa Fosso, kwa kuwa yeye kweli anaigiza watu. Lakini mwanamke wa Thandiwe Muriu haigizi mtu yeyote. Naye Mkanada Jeff Wall aliunganisha picha zaidi ya 100 kwa kompyuta mwaka 1993 ili kuonyesha karatasi zikipeperushwa na upepo shambani: waigizaji wamo, lakini karatasi na upepo vinamwigiza nani?

Mimi nakupa "picha za kutunga". Chukua shanga, uzitunge uzini moja baada ya nyingine, kila moja umeichagua na kuipima na jirani yake: hilo ndilo tendo la kwanza la neno hili, na samaki nao hutungwa kambani vivyo hivyo. Kutoka hapo tukatunga mashairi, tukatunga nyimbo. Msanii wenu anayeamua kidole kikae wapi anatunga. Mpigapicha wa Kenya Osborne Macharia alipowavika akina nyanya mavazi ya kifahari, aliwatungia pia historia nzima ya maisha ambayo hayakuwahi kuwapo. Ukijaribu kuieleza kazi ile bila kitenzi hicho utahangaika. Kuna atakayesema kutunga ni kusema uongo, kwa kuwa husemwa "hayo umeyatunga". Mwambie shairi nalo limetungwa, na hakuna aliyewahi kulipeleka mahakamani.

Kuhusu maonyesho na maonesho, usikose usingizi. Kuna wanaodai onyesha limetokana na onya, kwa hiyo lina harufu ya kukaripia. Lakini onya lenyewe ni ona, kama ponya ilivyo pona: kumwonya mtu ni kumfanya aone. Dar es Salaam wanapenda maonesho, hapa kwetu tunaandika maonyesho. Bakini na letu, ila liwe hilohilo kuanzia kadi ya mwaliko hadi ukuta wa mwisho.

Chini ya picha andikeni "Imepigwa na", jina, mwaka. Na ikiwa hamtaki simu humo ndani, kibao kiseme TAFADHALI USIPIGE PICHA. Ikiwa mnaziruhusu, RUHUSA KUPIGA PICHA, BILA FLASHI. Kadi ikichapwa nitumie moja. Nitamtafuta yule mzee wa Lamu tuje naye.